Sura ya Sita: Ubingwa Una Mahali Pake

Leader Stirling hakupata nafasi ya kuchagua wagonjwa. Mwingereza huyu aliyezaliwa mwaka 1906 na kusomea udaktari London aliingia Tanganyika mwaka 1935, akapangiwa Lulindi, Masasi, katika misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alikaa huko miaka 14. Mwaka 1949 akaingia Ukatoliki, akawaaga waajiri wake, na Wabenediktini wakampokea Mnero, Nachingwea. Hapo napo akatumikia miaka 15 kabla ya kuhamia Kibosho, Kilimanjaro. Katika hospitali ya misheni ya wakati ule, aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, mama aliyekuwa na uchungu kwa siku ya tatu, mwenye henia na mwenye homa ya mapafu, wote walipanga foleni moja kwa daktari mmoja. Stirling alikuwa mpasuaji kwa mafunzo, lakini mlango wa zahanati haukumuuliza mtu anaumwa ugonjwa wa idara gani.

Alibadili mengi maishani. Alibadili dhehebu, akabadili uraia, akaingia bungeni mwaka 1958 na kukaa humo hadi 1980, na kuanzia 1975 hadi 1980 Mwalimu Nyerere alimfanya Waziri wa Afya. Fani ya udaktari ndiyo pekee ambayo hakuwa na haja ya kuibadili, maana Mnero ilimkabidhi fani zote kwa pamoja.

Siku hizi njia zimegawanyika. Mwanafunzi wa udaktari Tanzania husoma miaka 5, akamalizia na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha akatafuta kazi. Wengi huanzia wilayani. Katika hospitali kama ya Ruangwa au ya Nachingwea hufanya kazi yenye sura ya ile ya Stirling: asubuhi wodi ya watoto, mchana kumpasua mzazi, usiku majeruhi wa bodaboda. Baada ya muda huomba ruhusa ya kwenda kusomea ubingwa Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza au Dodoma. Shahada hiyo, MMed, huchukua miaka 3 au 4. Na hapo, mwaka wa kwanza au wa pili, ndipo baadhi yao hugundua kwamba wamepanda basi lisilo lao.

Sababu ni nyingi na nyingine hazisemwi kwa sauti. Yuko aliyechagua magonjwa ya ndani kwa kuwa nafasi ndiyo iliyopatikana, akaja kusimama siku moja chumba cha upasuaji na kuona mikono yake imeamka. Yuko aliyechagua watoto kwa mapenzi, akachoshwa na vifo. Yuko pia, na hakuna ubaya kulisema, aliyepiga hesabu ya kipato na zamu za usiku, akaona kwamba daktari wa mifupa au wa mfumo wa mkojo analala vizuri zaidi kuliko yeye, na hospitali binafsi zinamtafuta. Wenzake watamsema. Wodini maneno hayaishi: huyu kawakimbia watoto, huyu kafuata hela. Maneno hayo si ya haki kila mara, lakini yana chembe ya ukweli ambayo sura hii inataka kuifuatilia, kwa sababu anayebadili ubingwa habadili vitabu peke yake. Anabadili pia mji atakaoweza kufanyia kazi.

Tuanze na nchi ambako mashindano ya kuingia ubingwa yamepangwa kwa kompyuta. Tangu mwaka 1952 Marekani ina mfumo wa taifa wa kuwaoanisha madaktari wapya na hospitali za kuwafunza: daktari anaorodhesha hospitali anazozitaka, hospitali zinaorodhesha madaktari zinaowataka, na mashine inatoa jibu ambalo pande zote zimeahidi kulikubali. Alvin Roth, mchumi aliyeongoza kuurekebisha utaratibu huo miaka ya 1990, alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Ngozi, mifupa, ubongo na upasuaji wa kurekebisha maumbile ni milango myembamba kuliko yote. Anayetaka kuhama akiwa njiani hukuta kizingiti kingine ambacho hakionekani kwenye matangazo. Serikali ya Marekani huzilipa hospitali sehemu ya gharama za kumfunza daktari kwa idadi ya miaka ya fani aliyoanza nayo, isiyozidi 5. Akihamia fani nyingine na miaka hiyo ikaisha, katika fungu moja la malipo hayo daktari huyo huanza kuhesabiwa nusu mtu. Mkurugenzi wa mafunzo anayesoma barua ya maombi ya kuhama anasoma pia hesabu hiyo.

Tanzania haina mashine ya kuoanisha, lakini nayo ina vizingiti vyake, na vinaanzia halmashauri. Mtumishi wa serikali anayekwenda masomoni ameombewa nafasi katika mpango wa mafunzo wa mwajiri wake, na barua ya ruhusa inataja kozi. Wilaya iliyomtoa daktari wake ili akasomee uzazi inamsubiri daktari wa uzazi. Akiandika kutoka Dar es Salaam kwamba sasa anataka ubongo na mishipa ya fahamu, Mganga Mkuu wa Wilaya ana haki ya kuuliza: akirudi, atampasulia wapi mgonjwa wake? Kwa mashine ipi ya kupiga picha ya kichwa? Na usiku mgonjwa huyo atalazwa kwenye chumba gani cha wagonjwa mahututi?

Swali hilo lina uzito kuliko la mapenzi ya mtu. Kila ubingwa huja na mahitaji yake. Daktari wa watoto anaweza kufanya kazi nzuri mahali penye oksijeni, maabara ya kawaida na wauguzi wanaoijua kazi yao. Daktari wa uzazi anahitaji chumba cha upasuaji, damu na mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi. Bingwa wa moyo anayepasua kifua anahitaji taasisi nzima nyuma yake, na ndiyo maana Tanzania ilijenga taasisi kwanza: ya mifupa, MOI, pamoja na ile ya saratani ya Ocean Road, zikapata sura ya taasisi mwaka 1996, na ya moyo, JKCI, mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa moyo waliokuwa na bahati walipandishwa ndege kwenda India. Upandikizaji wa figo ulifanyika Muhimbili kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Daktari aliyeanza ubingwa mwaka 2005 hakuwa na njia ya kuota ndoto ya kupandikiza figo nchini mwake, kwa kuwa kazi hiyo haikuwapo. Milango mipya ikifunguka, watu huhama vyumba. Hilo ni la kutegemewa.

Na wapo waliohama kabla hata chumba hakijajengwa.

Archibald McIndoe wa New Zealand alikwenda Marekani katika miaka ya 1920, akajifunza upasuaji wa tumbo kwenye Kliniki ya Mayo, akasifiwa kwa kazi yake juu ya ini. Mwaka 1930 alihamia London akitarajia kazi aliyodhani ameahidiwa. Kazi haikuwapo. Aliyemwokoa ni ndugu yake wa ukoo, Harold Gillies, aliyekuwa ameanzisha ufundi wa kutengeneza upya nyuso za askari wa Vita ya Kwanza. McIndoe akaacha maini, akashika ngozi na nyuso. Vita ya Pili ilipozuka mwaka 1939, Uingereza nzima ilikuwa na wapasuaji wa namna hiyo 4 tu, naye akiwa mmoja wao. Fani ambayo leo watu huigombania kwa alama na barua za mapendekezo ilikuwa wakati ule kimbilio la daktari aliyekosa kazi. Katika mji mdogo wa East Grinstead alitibu marubani walioungua, na jina lake likaenea.

Mmoja wa waliomfuata huko alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa tayari anafanya upasuaji wa jumla Nairobi. Katika miaka ya 1950 Wood aliacha kazi yake, akarudi shuleni kwa McIndoe, akatoka akiwa mpasuaji wa kurekebisha maumbile. Halafu akarudi Afrika Mashariki na kukutana na tatizo la mahali. Waliomhitaji walikuwa wengi mno: watoto wenye mdomo sungura, watu walioanguka motoni na kovu likashika shingo na bega pamoja, wenye ukoma ambao vidole vyao vilikuwa vimejikunja. Lakini walitawanyika kutoka Turkana hadi Ruvuma. Hakuna hospitali moja ambayo ingekusanya hata robo yao. Katika miaka hiyo ya 1950, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wood, McIndoe na Mmarekani Tom Rees, naye mwanafunzi wa McIndoe, waliafikiana kuanzisha huduma ambayo ingemfikisha daktari kwa mgonjwa kwa ndege. Ndiyo iliyokua kuwa AMREF. Wood alirusha ndege mwenyewe.

Habari hii husimuliwa kama ya ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Ila ukiitazama kwa jicho la mhasibu, inaeleza gharama ya ubingwa mwembamba katika nchi pana: daktari wa jumla angeweza kukaa mahali pamoja na kushiba kazi, yule aliyebadili fani alihitaji ndege, redio, viwanja vya kutua na wafadhili wa ng'ambo ili aweze kutumia alichojifunza.

Upande wa pili wa maziwa makuu kuna mtu aliyebadili fani kwa sababu iliyo kinyume na hiyo, na kwa msomaji wa Kiswahili yeye ndiye mfano mkubwa kuliko wote. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu, Kivu ya Kusini, mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Baba aliwaombea wagonjwa. Mtoto akaazimia kuwatibu. Alimaliza udaktari katika Chuo Kikuu cha Burundi mwaka 1983, akaenda hospitali ya misheni ya Lemera, milimani kusini mwa Bukavu, akiwa daktari wa watoto. Hiyo ndiyo njia aliyoitaka.

Lemera ikamwonyesha jambo ambalo darasa la Bujumbura halikumwonyesha. Watoto aliowatibu walikuwa na mama, na mama hao walifika wakiwa wamebebwa kutoka mbali, wengine wakivuja damu, wengine mtoto akiwa ameshafia tumboni, wengine wakiwa wamepona uzazi lakini wakabaki na fistula, mkojo ukiwatoka bila kukoma na jamaa wakiwakimbia. Daktari wa watoto anayemwona mama akifa mlangoni anajua kwamba mgonjwa wake wa kesho, yule mtoto, ameshapoteza nusu ya kinga yake. Mukwege akaamua kuhama. Alikwenda Ufaransa, Chuo Kikuu cha Angers, akasomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akamaliza mwaka 1989.

Hapo ndipo palipo na mtihani. Alikuwa na taaluma iliyotakiwa Ulaya, katika nchi yenye chumba cha upasuaji kinachowaka taa saa 24. Akarudi Lemera. Alibadili fani ili asilazimike kubadili mahali, na hesabu yake ilikuwa sahihi kitaalamu pia: uzazi ni ubingwa unaoweza kusimama katika hospitali ya mlimani, mradi kuna kisu, damu na watu waliofundishwa.

Yaliyofuata hakuyachagua. Oktoba 1996, vita vilipoingia Kivu, hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha Hospitali ya Panzi, pembezoni mwa Bukavu, akikusudia kuokoa wazazi. Mgonjwa wa kwanza aliyefika hakuja kujifungua. Alikuwa amebakwa na kujeruhiwa kwa silaha. Ujuzi wa kushona fistula za uzazi ukageuka kuwa ujuzi wa kushona majeraha ya vita, na Mukwege akawa mtaalamu ambaye dunia inamwendea. Mwaka 2015 alipata shahada ya uzamivu Brussels kwa utafiti wa fistula. Mwaka 2018 akapewa Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Angebaki na watoto, huenda angekuwa daktari mwema wa watoto wa Lemera ambaye hakuna aliyemsikia. Historia haitoi jibu la hilo, na si vizuri kuwadharau madaktari wema wasiosikika.

Mtu anaweza kusema kwamba fani ni fani, na kwamba mahali huamuliwa tu na uchumi. Ngozi inakataa. Nchini Marekani udaktari wa ngozi umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa fani zinazogombewa vikali: zamu za usiku chache, dharura chache, kipato kizuri, kliniki mijini. Sasa tazama Moshi. Mwaka 1992 pale KCMC kilifunguliwa kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi, RDTC, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha matabibu na wauguzi wa wilayani kwa miaka 2, kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kisha kuwarudisha walikotoka. Upele, fangasi, ukoma, vidonda visivyopona: hayo ni magonjwa yanayojaza madawati ya zahanati. Kwa watu wenye ualbino, ambao jua la huku huwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, KCMC ilifika hadi kutengeneza mafuta yake ya kujikinga, Kilisun. Ngozi ni ile ile na vitabu vinafanana. Upande mmoja fani hiyo inamhamishia daktari mjini. Upande wa pili imepangwa makusudi imrudishe mtu Nachingwea, Babati au Kasulu. Aliyeipanga ndiye aliyeamua itaishi wapi.

Kisa cha Haydom kinakwenda mbali zaidi, na kinawakera baadhi ya wakubwa wa taaluma.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, ilianzishwa na Wanorwe mwaka 1955. Mwaka 2006 alifika hapo mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala. Hakukuta vifaa alivyovizoea. Inasimuliwa, na mwandishi wa habari Tony Bartelme ameiandika katika kitabu chake, kwamba alimwona mkulima akikata mti kwa msumeno wa waya, akaununua, ukachemshwa, ukafungua mafuvu. Lakini hilo la msumeno ni kichekesho tu kikilinganishwa na lililofuata. Ellegala aliona kwamba akiondoka, upasuaji wa ubongo utaondoka naye. Basi akamfundisha daktari msaidizi wa hapo hapo, Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari. Mayegga akajifunza kutoa uvimbe na kutibu watoto wenye vichwa vikubwa kwa kuwawekea mrija wa kupunguza maji. Kisha naye akamfundisha mwenzake. Baadaye akaenda chuoni kusomea shahada ya udaktari.

Kuna waliouliza kama hiyo ni salama, na swali ni halali. Jibu moja lilikuwa tayari limeanza kupatikana katika fani nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ukiongozwa na Colin McCord, uliangalia upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma, ukalinganisha kazi ya madaktari wasaidizi na ya madaktari wenye shahada. Haukukuta tofauti ya maana katika matokeo kwa mama na mtoto. Ubongo si uzazi, hilo halina ubishi. Hata hivyo kwa mkazi wa Mbulu ushindani wa kuingia katika fani ya ubongo, ambao Boston unahesabiwa kwa alama, ulikuwa umepunguka hadi kubaki na sharti moja: nani atakayebaki hapa?

Turudi kusini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 131,080 wilayani Ruangwa na 178,464 wilayani Nachingwea, jumla 309,544, na watu wameongezeka tangu hapo. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza kwamba kufikia 2030 kila watu 100,000 wawe na wapasuaji, madaktari wa usingizi na madaktari wa uzazi 20, kwa pamoja. Piga hesabu kwa wilaya hizi mbili: wanatakiwa 62 hivi. Namba hiyo haifanani na chochote kinachoonekana kwenye barabara ya kutoka Ruangwa kwenda Nanganga. Mgonjwa anayeshindikana wilayani hufuata njia hiyo hadi barabara kuu, akageuza upande wa Ndanda, kwa hospitali ya Wabenediktini, au upande wa Nyangao, au akaendelea hadi Sokoine mjini Lindi na Ligula mjini Mtwara. Tangu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ilipozinduliwa Mtwara, Septemba 2023, safari ya Dar es Salaam haiwi lazima kwa kila jambo.

Hospitali hiyo ya kanda imebadili mchezo kwa namna ambayo haitajwi sana. Kabla yake, kijana wa Lindi aliyetaka mifupa au figo alikuwa anachagua Dar es Salaam kwa maisha yake yote, hata kama kadi yake ya utumishi iliandikwa Ruangwa. Sasa fani zilizokuwa za mbali zina mahali ambapo mgonjwa wa Nachingwea anaweza kufikishwa kwa siku moja. Lakini majengo peke yake Nachingwea inayajua vizuri. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walimwaga huku matrekta na mamilioni ya pauni katika mpango wa karanga, wakajenga na reli. Karanga hazikutii, reli ikang'olewa. Mashine ya kupiga picha ya kichwa isiyo na msomaji wa picha ina hatari ya kuishia kama reli hiyo.

Nini basi kifanyike kwa daktari aliye kwenye masomo ya ubingwa anayetaka kuhama fani? Kumfunga kwa mkataba ni jibu la haraka, na lina wateja wengi serikalini. Tatizo ni kwamba daktari aliyelazimishwa kumaliza ubingwa asioupenda hurudi wilayani akiwa na cheti na kinyongo, na miaka 2 baadaye yuko Dodoma au Muscat. Njia ya maana zaidi ni kumfanya achelewe kuchagua, achague akiwa ameona.

Wapasuaji wa ukanda huu wana mfano. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, hakina majengo ya kusomeshea. Mwanafunzi anabaki katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, anafunzwa kazini na wakufunzi waliotambuliwa, anafanya mitihani. Miaka 2 ya mwanzo ni ya msingi kwa wote. Kisha ndipo anachagua tawi kwa miaka 3 zaidi: upasuaji wa jumla, mifupa, mkojo, watoto, ubongo na mengine. Anayegundua mwaka wa pili kwamba moyo wake uko kwenye mifupa hajapoteza kitu, wala hana haja ya kumwandikia mwajiri barua ya kuomba radhi. Mfumo wa MMed, unaomtaka mtu ataje fani siku ya kujaza fomu, ungeweza kuazima sehemu ya utaratibu huo, japo vyuo vitalalamika kuhusu ratiba na ada, na malalamiko yao yatakuwa na msingi.

Limebaki suala la fani ambayo karibu hakuna anayepigana kuingia. Mei 2024 serikali ilianza kupeleka kambi za madaktari bingwa katika halmashauri zote 184, Ruangwa na Nachingwea zikiwemo, zile zilizoitwa za madaktari bingwa wa Mama Samia. Waliopelekwa walikuwa wa fani 5: wanawake na uzazi, watoto, magonjwa ya ndani, upasuaji, na usingizi na ganzi. Orodha hiyo inastahili kusomwa polepole na kila anayefikiria kuhama. Hakuna ubongo ndani yake, hakuna ngozi wala kurekebisha maumbile. Ni fani ambazo hospitali ya wilaya inaweza kuzipokea kesho asubuhi. Nne za kwanza zina waombaji kila mwaka. Ya tano, usingizi, huchaguliwa na wachache, haina kliniki ya jioni ya kuongeza kipato, na mgonjwa akizinduka humshukuru aliyeshika kisu. Wilayani kazi hiyo kwa kawaida hubebwa na muuguzi mmoja au wawili waliopata mafunzo ya usingizi, na muuguzi huyo akiwa likizo, upasuaji uliopangwa hupangwa upya. Kambi ya siku chache ilipofika na mtaalamu huyo wa tano, mpasuaji na daktari wa uzazi waliweza kuingia chumbani kufanya kazi. Bila yeye wangekaa kliniki wakiandika rufaa za kwenda Mtwara.